Panga nyimbo zako ukiwa kwa nyumba, si kando ya barabara

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Umefunga kamba za raba, umeshuka ngazi za ploti kimyakimya ili mbwa wa landilodi asianze vurugu, na sasa uko kando ya barabara. Unachomeka hedifoni, unabonyeza ngoma, unaanza kukimbia. Dakika ya nne, pumzi ndiyo kwanza inapata mpangilio, muziki unakatika. Jamaa mchangamfu kupita kiasi anakuambia uweke beti ya bob kumi ujishindie mamilioni. Unatoa simu mfukoni uruke tangazo. Miguu inapunguza mwendo yenyewe, macho yako kwenye kioo, masikio yamezibwa. Nyuma yako inakuja pikipiki yenye abiria mmoja.

Ukiishi Nairobi, huhitaji kumaliziwa hadithi hiyo. Kama haijakupata wewe, imempata mtu wa ploti yenu.

Vijana wengi siku hizi wameamka kufanya mazoezi, na sisi tunafurahia. Kila wikendi unawaona kando ya Thika Road, Karura, Arboretum, na hata kwenye vumbi la mitaa ambayo haina uwanja wowote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa kasi kunatosha kuhesabiwa. Hulipii jimu, huhitaji kocha. Na kwa wengi wetu, kinachotutoa kitandani kabla ya jua ni muziki. Kwa hivyo suala la ngoma gani unaweka masikioni si la mchezo kama linavyoonekana. Ukilipanga vizuri, utarudi kesho. Ukilipanga ovyo, utaacha mazoezi wiki ya pili, au utarudi kwa nyumba bila simu.

Tuanze na simu yenyewe. Orodha nzuri ya nyimbo za mazoezi ni ile isiyokulazimu kutoa simu mfukoni hata mara moja kati ya mlango wa kutoka na mlango wa kurudi. Hilo tu. Mengine yote tutakayosema hapa yanafuata baadaye. Ukitegemea YouTube ya bure, unakimbia kioo kikiwa wazi na matangazo yakikuvizia. Ukitegemea data, kuna sehemu mtandao utapotea na ngoma itakwama katikati. Pakua nyimbo usiku ukiwa na waifai, au hata ya jirani kama mnaelewana, na uziweke kwenye simu kabisa. Mdundo, huduma iliyoanzia hapa hapa Nairobi mwaka 2013, ilijijengea jina kwa kuwaachia watu wapakue muziki na miksi za madijei bila malipo. Miksi zina faida kubwa kwa mkimbiaji: hakuna kimya kati ya wimbo na wimbo, na dijei mzuri hupanga midundo ishikane. Shida ni madijei wetu wapenzi wasioweza kunyamaza. Unapanda mlima, mapafu yanalia, na dijei anakatiza ngoma kusalimia mashabiki wake wote mmoja baada ya mwingine huku akipiga honi. Chagua miksi ya mtu anayejua kufunga mdomo.

Kisha pima urefu. Ukijua unatoka kwa nusu saa, tengeneza orodha ya nusu saa, na hiyo orodha itakuwa saa yako. Huhitaji kuangalia simu kujua umebakisha dakika ngapi. Wimbo wa sita ukianza, unajua ni wakati wa kugeuka. Kama ndio mara yako ya kwanza kukimbia tangu shule, tumia nyimbo kama ratiba: tembea wimbo mmoja, kimbia unaofuata, tembea tena. Nyimbo nyingi za siku hizi ni za dakika tatu hivi, kwa hiyo nyimbo nane zinakupa dakika 24, na nusu yake umekimbia. Wiki ya tatu, kimbia mbili, tembea moja. Hakuna programu ya kulipia itakayokuambia jambo tofauti sana na hilo.

Sasa mdundo, na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Tunajaza orodha na ngoma tunazozipenda, halafu tunashangaa kwa nini miguu inakataa. Wimbo unaokubamba kwa klabu si lazima ukubebe barabarani. Jaribu hivi: tembea kwa mwendo wako wa kawaida wa mazoezi, hesabu hatua zako kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Anayetembea kwa kasi ya kutosha kuitwa mazoezi hupiga hatua kama 100 kwa dakika au zaidi. Anayekimbia polepole mara nyingi huwa kati ya 150 na 170. Halafu hesabu mapigo ya wimbo kwa njia hiyo hiyo, ukigonga meza kwa kidole. Vikikaribiana, umepata. Visipokaribiana, utajikuta unapigana na wimbo wako mwenyewe.

Chukua amapiano. Nyingi hucheza kwenye mapigo 110 hadi 115 hivi kwa dakika. Kwa kutembea, hapo ni sawasawa kabisa. Unatoka Roysambu ukifika Garden City hujui umefikaje. Lakini ukianza kukimbia, lile besi lake linakuvuta nyuma, linataka ucheze, si ukimbie. Hausi ya mapigo 120 na zaidi inasukuma kidogo. Na kuna siri ambayo wapenzi wa hip hop watafurahia: ngoma ya mapigo 80 inaweza kubeba miguu ya hatua 160, kwa sababu unakanyaga mara mbili kwa kila pigo. Ndiyo maana wimbo unaosikika mzito na wa polepole wakati mwingine unakukimbiza kuliko ule wa kelele.

Na usidharau ngoma za wazee. Rumba ya Kongo iliundwa kana kwamba mtu alimfikiria anayefanya mazoezi: inaanza taratibu, mwimbaji anasimulia shida zake za mapenzi bila haraka, halafu sebene inaingia, magitaa yanachemka na huwezi kubaki ulivyokuwa. Hiyo ni kupasha misuli moto na mbio ndani ya wimbo mmoja. Franco na TPOK Jazz walikuwa na nyimbo zinazopita dakika kumi, kama Mario wa mwaka 1985, kwa hiyo hata huhitaji orodha ndefu. Benga nayo, lile gitaa la besi linalokimbia mbele ya kila mtu, limewatoa jasho watu kwenye sherehe za Nyanza kwa miongo mingi. Babako akikuuliza tangu lini unasikiliza muziki wake, mwambie ni kwa sababu za kiafya.

Wale wa nyimbo za sifa pia tunawaona. Miksi ya sifa ya kanisani, yenye makofi na kigelegele, inaweza kukusukuma kilomita nyingi. Ila kukimbia umefumba macho ukiinua mikono karibu na stejini ni jambo tulilolishuhudia na hatulipendekezi.

Je, muziki unasaidia kweli au tunajidanganya? Unasaidia, lakini una mipaka. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kwa ufupi, muziki unapunguza jinsi mtu anavyohisi uchovu anapofanya mazoezi mepesi au ya wastani. Akili inapata kitu kingine cha kushughulikia. Amependekeza mapigo kati ya 120 na 140 kwa mazoezi mengi ya kawaida. Lakini ukifika kwenye kasi ya juu kabisa, mwili unapiga kelele kuliko wimbo wowote, na msaada huo unafifia. Kwa hivyo usiulaumu wimbo kwa kilima kile cha mwisho.

Mfano tunaoupenda ni wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwaka 1998, mjini Birmingham, alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani huku wimbo Scatman wa msanii Scatman John ukipigwa uwanjani. Mdundo wake ulimkaa miguuni. Angalia vizuri lakini: wimbo ulitoka kwa spika za uwanja, si masikioni mwake. Kanuni za riadha za kimataifa haziwaruhusu wanaoshindana kubeba redio au vyombo vya muziki; zinahesabiwa kuwa msaada. Hata Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwezi Oktoba mwaka 2019, aliyempa mdundo ni watu. Waweka kasi walimzunguka, wakibadilishana, na gari mbele likichora mistari ya leza barabarani. Kazi ya mweka kasi ndiyo kazi unayoipa orodha yako. Mweka kasi akianza kwa fujo, anakuua kabla ya nusu ya safari. Kwa hivyo usianze na ngoma kali kuliko zote. Iweke pale unapojua utachoka.

Tena kukimbia kwa muziki hakukuja na simu. Wenzetu wa Tanzania wana mchakamchaka: kundi linakimbia alfajiri, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na wimbo unaanguka pamoja na mguu. Wanajeshi wanafanya hivyo, watoto wa shule wamefanya hivyo, na vikundi vya wikendi vya Dar es Salaam bado vinafanya hivyo barabarani. Kwa nini tunalitaja? Kwa sababu kundi linaloimba linasikia gari likija, na gari linalisikia kundi. Orodha hiyo haina betri, na haiwezi kunyakuliwa.

Sasa tufike kwenye barabara, maana hapo ndipo tunapotaka ugomvi kidogo.

Takwimu za ajali ambazo NTSA hutoa mwaka baada ya mwaka zinaonyesha jambo moja: wanaotembea kwa miguu ndio wanaokufa wengi kuliko kundi lingine lolote la watumiaji wa barabara nchini. Si madereva, si abiria wa matatu. Ni wewe, uliye kando ya barabara. Na kwenye barabara zetu, masikio yanafanya kazi ambayo macho hayawezi. Unasikia mathree ikipanda kwenye njia ya miguu kukwepa foleni kabla hujaiona. Unasikia boda ikija kinyume na njia. Hivi majuzi mwenzetu wa chumba cha habari aliponea chupuchupu kwenye makutano ya mtaani kwao. Alikuwa na hedifoni zile zinazozima kelele zote za nje. Boda iliyompita, anakadiria, kwa upana wa kiganja, ilikuwa ya umeme. Hakusikia chochote, na hata kama masikio yangekuwa wazi, nusu tu ya kelele ndiyo ingemfikia. Pikipiki za umeme zinaongezeka Nairobi, na ni jambo jema kwa mapafu yetu, lakini kwa anayekimbia ni kitu kipya cha kujifunza: sasa kuna boda inayokuja bila kuguruma.

Msimamo wetu ni huu. Kando ya barabara ya magari, sikio moja liwe tupu. Si sauti ya chini kwenye masikio yote mawili. Tupu. Ukikimbia upande wa kulia, ukitazamana na magari kama inavyofaa, sikio la kushoto ndilo lililo upande wa magari, basi hilo ndilo uliache wazi. Na zile hedifoni za kuzima kelele, ziache za kuzima mlio wa makanga ukiwa umeketi ndani ya matatu. Karura, mahali hakuna gari, weka yote mawili kama unataka, ingawa ukituuliza sisi, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999 unastahili walau kilomita moja ya kusikiliza ndege.

Tunajua ushauri huu una upande wake mgumu, na wasichana wanaujua zaidi. Wengi wametuambia kwamba hawavai hedifoni kwa ajili ya muziki. Wanazivaa ili wawe na sababu ya kutojibu. Mwanamume kwenye stejini akiita, akipiga mluzi, akisema lolote kuhusu mwili wake, anapita kama hajasikia, na hakuna anayemwita mwenye madharau. Hedifoni ni ngao. Wengine wanazivaa bila kucheza chochote kabisa: waya masikioni, simu mfukoni, muziki hakuna, na kila neno wanalisikia. Fikiria hilo kidogo wewe kijana wa kiume unayesoma hapa. Kuna mtu anayefanya mazoezi mtaani kwenu akisikiliza kimya, kwa sababu anataka kujua nani yuko nyuma yake, na wakati huo huo anataka umwone kama hakusikii. Hatuwezi kumwambia huyo aache sikio moja wazi kana kwamba tumemsaidia. Wa kuambiwa kitu ni wale wa stejini, na pengine unawajua kwa majina.

Kuhusu sauti yenyewe, tutasema haraka kwa sababu mamako ameshakuambia. WHO inakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wa kati ya miaka 12 na 35, wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza sauti ya juu. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, salama yako inashuka hadi saa nne tu. Barabara yenye kelele inakufanya upandishe bila kujua, ili ushindane na malori. Weka kiwango ukiwa kwa nyumba, na usikiguse. Na kumbuka kwamba nganya uliyopanda jana jioni tayari imekula sehemu ya saa zako.

Lakini hatutaki mzigo wote uwe wako. Kijana wa Pipeline au Kayole anayetaka kutembea nusu saa kabla ya kazi anapaswa kufanya hivyo wapi? Karura iko mbali, inahitaji nauli kwenda na kurudi, na langoni kuna kiingilio. Mtaani, njia ya miguu ama haipo, ama imejaa vibanda, maji machafu na magari yaliyoegeshwa. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, iliyolenga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya wanaotembea na waendesha baiskeli. Miaka saba baadaye tukafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, barabara ambayo huwezi kuikanyaga kwa mguu hata ukitaka. Hatuipingi. Tunauliza tu ile asilimia 20 iko wapi, na kwa nini ukitembea Mombasa Road chini ya nguzo zake bado unaruka mitaro.

Muulize MCA wako swali hilo. Si lazima uandamane. Mtumie ujumbe, na ukikutana naye kwenye harambee mwonyeshe picha ya mahali unapopita kila asubuhi. Njia ya miguu yenye upana wa mita mbili na taa mbili tatu ingewafanyia vijana wa mtaa wako mengi kuliko jimu ya nje yenye vyuma vilivyokatika.

Wakati ukingoja jibu lake, na huenda ukangoja, tumia usiku wa Ijumaa kutengeneza orodha yako. Kama unahitaji pa kuanzia, tunayoitumia hapa ofisini ni hii: mbili za amapiano za kutembea, moja ya rumba ndefu ambayo sebene yake inakukuta ukianza kukimbia, mbili za hip hop ya Kenya zenye mapigo ya 80 na kitu, benga moja kwa kile kilima kabla ya kurudi, na ya mwisho yoyote ya taratibu, hata ile ya aliyekuacha, kwa sababu wakati huo pumzi imeshakatika na huna nguvu za kulia. Jumla dakika 34. Ipakue, weka simu kwenye mfuko wenye zipu, na kabla ya kufungua geti toa hedifoni ya kushoto.